Msiwachuje vijana wa baiskeli kwa faili la GPS

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na viongozi wa vyama vya baiskeli, wauzaji wa vifaa vya michezo na wazazi wenye vijana wanaoendesha. Mimi ni fundi baiskeli hapa Himo, mkoani Kilimanjaro. Jambo lililonisukuma kuandika ni vile vifaa vidogo vinavyofungwa kwenye usukani, vinavyopokea mawimbi ya setilaiti za GPS na kuonyesha mwendo, umbali na mwinuko. Siku hizi vimejaa, vingi vikiwa vya mtumba, na vijana wanavipenda. Mimi mwenyewe navitengeneza, nabadilisha betri, nafunga vishikio. Sina ugomvi navyo. Ugomvi wangu ni na watu wazima walioamua kwamba kinachoandikwa na kifaa hicho ndiyo hukumu, na kwamba mwenye baiskeli hana la kujibu.

Hivi karibuni chama kimoja cha baiskeli kilitangaza nafasi za kambi ya mazoezi kwa vijana. Sharti lilikuwa kila mwombaji atume faili lililorekodiwa na kifaa hicho, la safari moja isiyopungua kilomita 100, yenye kupanda mita 1,400 au zaidi, ndani ya saa tano. Binti mmoja ninayemfundisha, mwenye umri wa miaka 17, alitoka Himo alfajiri, akaenda Mwanga, akarudi, kisha akakwea hadi lango la hifadhi kule Marangu na kuteremka mpaka kwangu. Nilimpokea mimi. Alikuwa amemaliza ndani ya muda na bado ana pumzi ya kunisimulia upepo wa njia ya Mwanga. Faili lake likasema kilomita 98.7 na kupanda mita 1,290. Jina likakatwa.

Kwenye gurudumu lake la mbele nilikuwa nimefunga mita ya zamani, ile ya waya na sumaku ya kwenye spoki, ambayo huhesabu mizunguko ya gurudumu na haijui habari ya setilaiti. Hiyo ilisoma kilomita 100.4. Tuliipiga picha tukaituma. Jibu likaja kwamba wanapokea faili la GPS tu.

Sasa sikilizeni jambo la pili. Hakuwa peke yake barabarani. Aliongozana na kijana mwenzake, bega kwa bega tangu kuondoka hadi kurudi, huyo akiwa na kifaa cha aina nyingine. Cha kijana kiliandika kilomita 100.9 na kupanda mita 1,610. Kijana amepita, nami nampongeza kwa dhati maana anastahili. Lakini njia ilikuwa moja, asubuhi ilikuwa moja, na mlima ni ule ule. Haiwezekani mmoja awe amepanda mita 320 zaidi ya mwenzake aliyekuwa pembeni yake. Hata asiyejua lolote kuhusu setilaiti, akiwekewa mafaili hayo mawili mezani, ataona kuna kitu hakijakaa sawa. Walioketi kuchuja walikuwa nayo yote mawili.

Binti aliniuliza, "Fundi, kwani nilikatisha wapi?" Hakukatisha popote. Nilichukua simu nikafungua faili lake kwenye ramani, tukaifuata njia pamoja, na ninayoyaeleza hapa ndiyo tuliyoyaona.

Kabla ya kushika spana nilikuwa msaidizi wa wapima ardhi. Nilibeba miti ya kupimia, nikavuta futi ya chuma, nikakaa juani nikilinda kipokezi cha GPS kilichosimamishwa kwenye miguu mitatu juu ya jiwe la mpaka. Kipokezi kimoja kilikaa kwenye alama inayojulikana na kingine kwenye alama mpya, vikaachwa hapo muda mrefu, halafu ofisini vikalinganishwa. Miaka ile Marekani, ambao ndio wenye GPS, walikuwa wanayaharibu kwa makusudi mawimbi yanayotumiwa na raia, kiasi kwamba kipokezi kimoja peke yake kingeweza kukosea hata mita 100. Walikoma Mei 2, 2000. Tangu hapo mambo yamekuwa mepesi sana, na kifaa cha mkononi leo kinaweza kukueleza ulipo kwa kosa la mita chache. Ila ni mita chache mahali palipo wazi, anga yote ikionekana. Maneno hayo ya mwisho ndiyo muuzaji huyameza.

Setilaiti za GPS huzunguka kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, na wimbi likifika chini limeshadhoofika kabisa. Majani yenye maji hulidhoofisha zaidi, ukuta hulirudisha, na mlima huzuia setilaiti zilizo upande wake. Anayeijua barabara ya kutoka Himo kupanda Marangu anaelewa ninachosema. Ukiacha tambarare unaingia kwenye migomba na miti mirefu iliyofunika pande zote mbili, na upande mmoja ardhi imeinuka. Kwenye ramani, mstari wa binti huyu uko barabarani vizuri kabisa tangu Himo hadi Mwanga. Ukianza mlima, unatoka barabarani, unapita juu ya mapaa ya nyumba za watu, unavuka korongo pasipo na daraja na kurudi. Hakuna baiskeli iliyopita huko.

Kisha zikaja kona. Kifaa chake kilikuwa kimewekwa kisirekodi kila sekunde, bali kila baada ya sekunde kadhaa, ili kutunza kumbukumbu yake. Kati ya nukta na nukta kinachora mstari ulionyooka. Mtu anayeteremka kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Zikipita sekunde tano bila nukta, ni mita 70, na kona nzima ya Marangu inaweza kuwa imo humo ndani. Yeye ameipinda kona yote kwa tairi, kifaa kimemkatishia shambani. Kona moja ni hasara ndogo, lakini mteremko mzima una kona ngapi?

Lililoniuma zaidi lilikuwa sehemu ya juu, pale mlima unapokuwa mkali kabla ya kufika langoni. Kifaa ni cha mtumba, na aliyekimiliki mwanzo alikuwa amekiweka kijisimamishe chenyewe kila mwendo ukishuka chini ya kilomita 8 kwa saa. Mpangilio huo unawafaa watu wa mjini, wanaosimama kwenye taa za barabarani na hawataki muda wa kusubiri uhesabiwe. Kwa mtoto aliyekwisha kuendesha kilomita sabini na kitu, anayekwea mlima mkali kwa giya nzito ya baiskeli ya mtumba, mwendo hushuka chini ya hapo mara kwa mara. Tena chini ya miti mwendo unaosomwa na GPS unayumbayumba, unaweza kuonyesha 6 wakati gurudumu linakwenda 9. Kila ilipotokea hivyo, kifaa kilihesabu kwamba amesimama. Pale alipotoa jasho kuliko popote ndipo palipoachwa bila kuandikwa. Mwenye baiskeli nyepesi ya kisasa yenye giya za mlima hapatwi na hili, maana mwendo wake haushuki kiasi hicho. Kwa hiyo sharti lililoonekana la haki kwa wote lilimwangukia asiye na kitu.

Hesabu ya kupanda ni mbaya kuliko ya umbali, na hapa naomba wasomaji wanivumilie. Vifaa vingine hupima mwinuko kwa setilaiti pekee, na GPS daima hukosea zaidi juu na chini kuliko pembeni, kwa sababu setilaiti zote unazozipokea ziko upande wa juu, hakuna iliyo chini ya miguu yako kusawazisha hesabu. Vifaa vingine vina kipima hewa, ambacho ni bora zaidi: ukipanda, kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, inapungua, nacho kinageuza upungufu huo kuwa mita. Shida ni kwamba hewa nayo ina mambo yake. Huku kwetu karibu na ikweta kanieneo hupanda na kushuka kila siku kwa ratiba, inafika juu mnamo saa nne asubuhi na kushuka hadi saa kumi alasiri. Nilikiweka kifaa chenye kipima hewa juu ya meza ya kazi, pembeni ya gololi na boksi la grisi, tangu saa nne asubuhi. Sikukigusa. Ilipofika saa kumi kilikuwa kinasoma karibu mita 30 juu ya kile kilichosoma asubuhi, na meza iko pale pale. Mvua nayo ikinyesha, tone moja likiziba kile kitundu cha hewa kilicho chini ya kifaa, utaona mlima ambao haupo, au mlima uliopo utapotea.

Na kuna jambo ambalo hata kifaa kizuri hakiwezi kulikwepa. Kupanda kwa jumla ni kujumlisha kila kiinuko cha njiani. Je, kiinuko cha nusu mita kihesabiwe? Cha mita mbili? Kila mtengenezaji ameamua kwa namna yake, akaweka kwenye programu yake bila kumwambia mnunuzi. Njia ya Himo kwenda Mwanga ina mawimbi madogo madogo ya ardhi. Kifaa kimoja kinayajumlisha yote, kingine kinayafuta kikidhani ni makosa ya kipimo. Ndipo unapopata 1,290 na 1,610 kwenye lami moja. Sharti la mita 1,400 halikupima miguu ya watoto hawa, lilipima uamuzi wa wahandisi wawili wasiojuana walio mbali kabisa na Marangu.

Sisi wa mkoa huu tulipaswa kuwa wa kwanza kuelewa. Kilele cha Uhuru tunachokiandika kwenye vibao vyote kuwa mita 5,895 kilipimwa hivyo mwaka 1952. Mwaka 1999 wapimaji walipanda na vipokezi vya GPS vya kitaalamu, vinavyoachwa kwenye nukta moja muda mrefu, wakapata 5,892. Hao ni wataalamu, wana mahesabu ya ofisini, na bado mita tatu zilitofautiana na kipimo cha kale. Halafu tunampima mtoto kwa kifaa cha usukani kilichokuwa kinaruka kwenye mashimo.

Nimesikia hoja kwamba vifaa vipya vinavyopokea mawimbi ya masafa mawili kutoka kila setilaiti badala ya moja, na vinavyosoma pia setilaiti za Ulaya, Urusi na China, vimemaliza tatizo. Vimelipunguza, ni kweli, hasa kwenye miti na majengo. Lakini bei ya kifaa kama hicho kwa kijana wa hapa inazidi baiskeli yenyewe. Isitoshe, Ulaya, Marekani na India wana setilaiti za nyongeza zinazorusha masahihisho ya GPS kwa eneo lao, na sisi Afrika Mashariki hatuna huduma hiyo. Tena tuko ukanda wa ikweta, ambako tabaka la juu la anga linaloitwa ionosfea huchafuka kuliko sehemu nyingi za dunia, hasa baada ya jua kuzama, na mawimbi yanayumba. Maelezo ya kwenye boksi la kifaa hayakuandikwa kwa kufikiria mazingira ya Himo.

Sasa mtu ataniuliza, ikiwa hutaki GPS, upime kwa nini? Jibu liko kwenye baiskeli yenyewe, na dunia nzima ya riadha inalijua. Njia za marathon zinazotambuliwa kimataifa hazipimwi kwa GPS. Hupimwa kwa baiskeli. Kwenye gurudumu la mbele hufungwa kihesabio kidogo kiitwacho Jones, kilichobuniwa na Mmarekani Alan Jones mwaka 1971, kinachohesabu vipande vidogo vya mzunguko wa gurudumu. Kabla ya kupima, mpimaji anatafuta barabara iliyonyooka isiyopungua mita 300, anaipima kwa futi ya chuma, kisha anaipita kwa baiskeli mara nne ili ajue kihesabio chake kinasoma ngapi kwa kilomita. Akimaliza kupima njia ya mbio anairudia tena mara nne, kwa sababu joto la mchana limebadilisha upepo wa tairi. Anapita njia fupi kuliko zote ambayo mkimbiaji angeweza kupita, sentimita 30 kutoka ukingo wa kona. Mwisho anaongeza mita moja kwa kila kilomita, mita 42 kwa marathon nzima, ili njia isije ikawa fupi. Nikisoma utaratibu huo nakumbuka jinsi tulivyofundishwa kuivuta futi ya chuma kwa nguvu ile ile kila mara na kuandika joto la saa hiyo, maana chuma hurefuka juani. Huo ndio uangalifu anaostahili mtu ambaye jina lake linategemea kipimo.

Hata mita yangu ya sumaku ina kosa lake, sikatai. Ukikosea mzunguko wa gurudumu kwa milimita 20 kwenye 2,100 umekosea karibu kilomita moja kwa kila mia. Lakini kosa hilo naweza kulikamata. Naweka alama ya chaki kwenye tairi na sakafuni, mwendeshaji anakaa juu ya baiskeli kwa uzito wake wote, tairi likiwa na upepo wake wa kawaida, tunaisukuma kwa mstari ulionyooka mizunguko kadhaa, natandika futi, nagawanya. Namba inayotoka ndiyo naingiza kwenye mita. Kesho nikirudia nitapata ile ile. Miti haiibadilishi, wala kona, wala mvua. Kwa nini kipimo cha namna hii kikataliwe bila kutazamwa, na faili linalopita juu ya mapaa ya watu likubaliwe?

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kuletwa Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5 na kupanda mita 5,475. Namba hizo zilitangazwa na waandaaji kwa njia nzima, zikawa moja kwa kila mshiriki. Hakuna aliyeulizwa kifaa chake cha usukani kimesoma ngapi. Wote waliondoka mstari mmoja, na kwenye mstari wa mwisho kulikuwa na kamera ya kumalizia na transponda, vile vidude vinavyotuma ishara ya kumtambulisha kila mshiriki, zilizofungwa kwenye baiskeli. Wakubwa wenye vifaa vya gharama kubwa kuliko vyote hawachujani kwa faili. Watoto wetu wenye vifaa vya mtumba ndio tunawachuja hivyo.

Kwa hiyo ninaomba mambo machache kwa chama husika. Wafute matokeo ya mchujo ule, au angalau wawaite tena wote walioangushwa kwa tofauti ndogo ya umbali au kwa hesabu ya kupanda. Wapange siku moja, mlima mmoja, kwa mfano kutoka njia panda ya Himo hadi Marangu Mtoni, mstari wa kuanzia na wa kumalizia upigwe rangi barabarani, watu wawili washike saa, na kila kijana apande. Atakayetangulia atajulikana bila setilaiti. Wanaoishi mbali wapangiwe mlima wa kwao kwa utaratibu huo huo chini ya kocha wa eneo. Kama ni lazima faili litumwe, basi litumike kuonyesha kwamba safari ilifanyika, na umbali wa njia upimwe na chama chenyewe mara moja kwa wote.

Kwa wauzaji, mkiuza kifaa cha mtumba kirudisheni kwanza kwenye mpangilio wake wa kiwandani mbele ya mnunuzi. Mwonyesheni mahali pa kuzima ule mpangilio wa kifaa kujisimamisha chenyewe, na pa kukiweka kirekodi kila sekunde. Mwambieni kama kina kipima hewa au hakina. Muuzaji mmoja alinihakikishia kwamba kifaa "ni cha setilaiti, hakikosei". Maneno hayo yanamfikia mzazi aliyeuza mbuzi ili mtoto apate kifaa.

Wazazi na makocha wenzangu, fungeni mita ya sumaku pamoja na GPS kwenye baiskeli za watoto. Ni rahisi kuipata na haisumbui. Na kila safari yenye maana pigeni picha ya namba zote mbili siku hiyo hiyo, tarehe ikionekana.

Binti bado anafanya mazoezi. Kambi inaanza mwezi ujao, kwa hiyo muda wa kurekebisha upo, ila si mwingi. Futi ya chuma ya mita 50 ninayo, na ninaye mwenzangu mmoja tuliyefanya naye kazi ya upimaji aliye tayari kuja kunisaidia. Chama kikitaja siku, tutawapimia njia ya kutoka Himo hadi Marangu Mtoni bila malipo, viongozi wakiwa wamesimama hapo hapo wakishuhudia.

Fundi baiskeli,
Himo, Kilimanjaro.